Gari la rimoti latoka China, mlima wake wachongwa na seremala wa mtaani

MFANYABIASHARA anayechukua katoni ya magari ya rimoti Kariakoo, Nairobi au Kampala hukutana na swali moja akishayapanga mezani: mteja atayajaribia wapi? Kwa gari la mbio, sakafu ya duka inatosha. Kwa gari la kupanda miamba, sakafu hiyo hiyo ndiyo inayolikosesha mnunuzi. Likiwekwa kwenye vigae linatambaa kama kobe, mzazi anaona bei na mwendo haviendani, anaondoka.

Gari hili halikuundwa kukimbia. Gia zake hupunguza kasi ili kuongeza nguvu, magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja, na matairi ni laini ili yashike jiwe. Aina iliyozoeleka ni ya kipimo cha 1 kwa 10, ambayo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna takriban sentimita 31. Ipo pia ndogo ya 1 kwa 24, yenye urefu wa kama sentimita 20, inayofaa zaidi chumba au kibanda cha soko.

Marekani, ambako mchezo huu una mashabiki wengi, watu hujijengea njia za vikwazo ndani ya gereji ili wacheze hata majira ya baridi. Afrika Mashariki njia kama hiyo yaweza kufanya kazi nyingine: kuuza gari, na kuingiza fedha ya kucheza siku ambayo hakuna anayenunua.

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatosha gari dogo. Seremala aikate vipande vinne vya futi 2 kwa 4, kila kimoja akipigie fremu ya mbao chini. Vipande hivyo hubebeka, na mkono hufika katikati kwa urahisi gari linapopinduka.

Vilima huchongwa kwa kisu kutoka kwenye foamu ngumu nyeupe inayokinga friji na televisheni ndani ya katoni. Vipande hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha hufunikwa kwa vitambaa vya pamba vilivyochovywa kwenye gundi hiyo iliyozimuliwa kwa maji. Vikikauka, hupakwa rangi ya maji na kunyunyiziwa mchanga rangi ikiwa mbichi, ili matairi yasiteleze. Rangi ya mafuta na gundi kali ziepukwe kwenye foamu tupu, kwa kuwa huiyeyusha.

Saruji inafaa njia isiyohamishwa. Kwenye vipande vya kubeba huongeza uzito, na hupasuka vikisafirishwa.

Vikwazo vipangwe kutoka chepesi hadi kigumu: mteremko mfupi, mawe machache yaliyobandikwa, daraja jembamba, kisha ukingo ulioinama upande mmoja. Kila hatua iwekewe lango la vijiti viwili vyenye rangi. Anayegusa kijiti, anayerudi nyuma au anayeshika gari kwa mkono huongezewa pointi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mtoto akishindwa lango la mwisho kwa kidogo tu, ataomba zamu nyingine.

Betri zisichukuliwe kwa mzaha. Nyingi ni za lithiamu, na zikichajiwa vibaya zinaweza kuwaka moto. Zichajiwe kwa chaja yake, juu ya kigae au saruji, mtu akiwapo. Iliyovimba isitumike tena.

Mpakani, gari na mlima wake havina hadhi moja. Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa humsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Gari lililotengenezwa China haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa sababu limenunuliwa Kampala. Litangazwe forodhani pamoja na risiti yake.

Njia iliyojengwa na seremala kwa mbao za hapa ina hoja ya kuitwa bidhaa ya Jumuiya. Hata hivyo, mwenye nia ya kuivusha awaulize kwanza maofisa wa forodha Namanga, Busia au Mutukula kama imo kwenye orodha, na kama mbao zake zinadaiwa kibali cha misitu. Kuuliza kabla ya kupakia ni nafuu kuliko mzigo kulala mpakani.

Mwenye mtaji mdogo hahitaji katoni nzima. Magari mawili, betri za akiba na vipande viwili vya njia vinatosha kupima soko kwa mwezi mmoja. Yasipouzika, mlima unabaki, na zamu za kucheza zinaendelea kulipiwa.