Siri ya nyika na milima inayochorwa na kompyuta

WALIOTAZAMA filamu ya The Lion King iliyotolewa mwaka 2019 huenda waliapa kwamba nyika ile ilipigwa picha papa hapa kwetu. Ni kweli watengenezaji wake walizuru Kenya kujionea ardhi na wanyama. Hata hivyo, mwelekezi Jon Favreau alifichua baadaye kuwa ni onyesho moja tu, lile la mawio ya jua mwanzoni, lililonaswa kwa kamera barani Afrika. Mengineyo yote, tangu mwamba hadi unyasi, ni kazi ya kompyuta.

Je, jiwe lisilokuwepo hupataje sura ya jiwe?

Kwanza hutengenezwa umbo tupu la mlima, mithili ya wavu uliotandazwa juu ya kichuguu. Kisha umbo hilo huvikwa picha ya udongo au mwamba, jinsi kochi livikwavyo kitambaa. Hapo ndipo taabu huanza. Picha ni ndogo ilhali mlima ni mkubwa, hivyo picha ile ile hurudiwa mara nyingi, nalo jicho la binadamu ni hodari mno wa kutambua marudio. Likishaona doa lile lile jeupe limejipanga safu kwa safu kama maua ya kitenge, uongo umefichuka.

Mmarekani Ken Perlin, aliyeshiriki kutengeneza filamu ya Tron ya mwaka 1982, alikerwa na jinsi vitu vya kompyuta vilivyoonekana laini kupita kiasi. Akabuni kanuni ya hesabu, aliyoichapisha mwaka 1985, inayozaa mabaka yasiyo na mpangilio dhahiri lakini yanayobadilika taratibu, mfano wa mawingu. Wataalamu huyaita kelele, ingawa hayatoi sauti yoyote! Mwaka 1997 alituzwa kwa ubunifu huo na chuo kinachotoa tuzo za Oscar.

Mabaka hayo ndiyo huvuruga marudio: hapa nyasi zififie, pale kutu ya mwamba ikolee. Fundi naye huongeza masharti. Penye mteremko mkali udongo haushiki, basi jiwe liachwe wazi. Bondeni majani yashamiri.

Fauka ya hayo, rangi pekee haitoshi. Mwamba mkavu hutawanya nuru kila upande, ilhali uliolowa huwa mweusi zaidi na humetameta. Kwa hiyo kila kitu hupewa kipimo chake cha ukwaru.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la wanagenzi hutokea hata kabla ya kompyuta kuwashwa. Huenda kupiga picha za mawe jua likiwaka. Kivuli hunasa ndani ya picha, na jua la filamu linapotokea upande mwingine, kila jiwe huwa na vivuli viwili vinavyopingana. Wazoefu husubiri siku ya mawingu.