Kupunguza Sigara Si Kuacha

Wavutaji wengi hufika kwa mshauri na habari wanayoiona njema: "Daktari, nilikuwa namaliza pakiti kwa siku, sasa ni tano tu." Anayesema hivyo amejitahidi kweli. Ila uraibu wake bado upo palepale, na huenda sasa anateseka kuliko alivyokuwa.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni kabla ya sekunde 20 kupita. Huko hushika vipokezi vinavyoamsha dopamini, kemikali ya raha. Ubongo ukishazoea, huongeza idadi ya vipokezi hivyo, navyo vyote hudai kulishwa. Kwa kuwa nikotini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, mvutaji hushinda akipanda na kushuka. Ile "raha" ya sigara ya asubuhi kwa sehemu kubwa ni kutulizwa kwa arosto iliyoachwa na sigara ya jana usiku. Asiyevuta hana arosto hiyo ya kutuliza.

Basi anayejipimia sigara tano huzivuta kwa nguvu, huukalisha moshi kifuani na kufika hadi kwenye kipisi. Siku nzima anaihesabu saa, na kila sigara inakuwa zawadi. Moyo nao haupati nafuu anayodhani: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja tu kwa siku humbebesha mvutaji kati ya theluthi na nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwagawa wavutaji karibu 700 makundi mawili. Kundi moja liliacha kwa mkupuo siku iliyopangwa, jingine lilipunguza kwa wiki mbili kwanza. Baada ya wiki nne, walioacha kwa mkupuo waliokuwa bado hawajavuta walikuwa asilimia 49, wale wa kupunguza 39. Baada ya miezi sita zilibaki asilimia 22 na 15. Sizifichi namba hizi za mwisho: kuacha ni kugumu, na wengi hujaribu mara kadhaa.

Siku tatu za kwanza ndizo kali. Hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kushindwa kutulia. Hamu huja kama wimbi, hudumu dakika chache, hupita hata usipoivutia. Inuka, kunywa maji, toka kijiweni. Dalili nyingi hufifia ndani ya wiki mbili hadi nne.

Kuna jambo ambalo wachache huambiwa. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile cha kahawa kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, nawe unadhani ni arosto. Punguza kahawa kwa nusu. Anayetumia dawa za magonjwa ya akili amwarifu daktari wake kabla ya kuacha, maana baadhi yake huathiriwa vivyo hivyo.

Kuhamia shisha, ugoro au vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni ni kubadilisha duka tu. Plasta na ubani wa nikotini ni habari nyingine: vina kipimo kinachoshushwa hadi kuisha, na tangu 2009 vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Walioshiriki utafiti ule wa Uingereza nao walipewa. Vitumie, lakini viwekee tarehe ya mwisho.

Hatari kubwa huja baadaye, harusini au msibani, rafiki anapokunyooshea: "Piga pafu moja tu." Na sigara huuzwa moja moja dukani, ingawa sheria ya Kenya ya 2007 inakataza. Kataa hilo pafu. Ukiteleza, itupe sigara hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

Utafiti wa Richard Doll na wenzake, uliowafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kuanzia 1951 na kutoa matokeo ya miaka 50 mwaka 2004, ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa takriban miaka 10 ya maisha, wa 40 miaka tisa, wa 50 miaka sita. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa mitatu.