Kunusurika Kuzama: Mwili na Kumbukumbu

Kuzama maji, kwa maana waliyokubaliana wataalamu mjini Amsterdam mwaka 2002, ni mchakato wa kupata shida ya kupumua kutokana na kuingia au kufunikwa na kimiminika, awe mhusika amefariki au amenusurika. Na kwa kuwa maana hiyo haitaji bahari wala chumvi, inamhusu mtoto wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mamia ya kilomita kutoka pwani, sawasawa na mtoto wa Nungwi, ufukweni Zanzibar.

Maji ya kuogopwa huko Loliondo ni lambo, yaani bwawa lililochimbwa kukinga mvua kwa ajili ya mifugo, ambalo kingo zake huteleza na tope lake hung'ang'ania miguu, pamoja na korongo, mkondo ambao kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu lakini wakati wa masika huweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani, huku anga la mahali penyewe likiwa jeupe. Tena lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, ilhali ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni kilo 1, tofauti ndogo kwenye karatasi ambayo hata hivyo humfanya mtu aelee kwa shida zaidi lamboni.

Ndani ya mwili tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Zamani iliaminika kwamba maji ya chumvi na maji baridi huua kwa njia mbili, lakini kiasi kinachoingia mapafuni kwa kawaida ni kidogo mno kuthibitisha dhana hiyo: aina zote mbili huvuruga safaktanti, utando unaozuia vifuko vya hewa visinywee, na kinachoua ni ukosefu wa oksijeni.

Hofu nayo humwaga adrenalini, na amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari, huisukuma hipokampasi, inayohifadhi matukio, iandike kwa nguvu. Ndiyo maana rangi ya maji hayo huweza kudumu akilini hadi uzeeni. Wingi wa maelezo, hata hivyo, si usahihi. Katika jaribio la mtafiti wa ubongo David Eagleman na wenzake lililochapishwa mwaka 2007, watu walioangushwa wavuni kutoka takriban meta 31 walikadiria kwamba anguko lao lilichukua muda mrefu kuliko la wenzao, lakini macho yao hayakuweza kusoma tarakimu zilizobadilika upesi kuliko kawaida: kilichorefuka ni kumbukumbu. Vivyo hivyo, ukelele mrefu anaoukumbuka aliyenusurika ni wa kutiliwa shaka, kwa sababu anayezama kwa kawaida hutumia kila nafasi ya hewa kupumua, akizama kimya hata mbele ya wenzake.

Lililo gumu zaidi ni kwamba hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazodhurika mapema oksijeni inapokosekana, hivyo aliyekikaribia kifo zaidi huweza kukumbuka kidogo zaidi, na simulizi yake ikabaki kwa waliomwopoa. Dakika chache za madhara hayo hazitoshi gari kutoka lamboni hadi Hospitali ya Wasso, huko huko Loliondo. Pumzi za kwanza, mdomo kwa mdomo, hutolewa pale pale ukingoni, bila kumning'iniza mtoto kichwa chini wala kumkamua tumbo, mambo yanayopoteza muda na yanayoweza kusukuma matapishi mapafuni.