Dawa ya saratani yawafaa watoto wenye selimundu

KWA muda mrefu, mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa selimundu alirudi nyumbani na ushauri zaidi kuliko tiba: ampe maji kwa wingi, amkinge na baridi, amlaze ndani ya neti na amkimbize hospitalini maumivu yanapozidi. Wengi wa watoto hao hawakufikia umri wa kwenda shule.

Hali hiyo imeanza kubadilika, na dawa inayoibadilisha si ngeni. Haidroksiyurea ilitumiwa kwanza kupambana na saratani, ikiwemo ya damu.

Selimundu hurithiwa. Mtoto huugua anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, ingawa wao hawaugui, wana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Jeni moja humpunguzia mtu makali ya malaria, na ndiyo sababu ugonjwa huu umeenea zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Jeni mbili huigeuza kinga hiyo kuwa balaa.

Kasoro yenyewe imo katika hemoglobini, inayobeba oksijeni mwilini. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kufa mapema. Hapo ndipo hutokea maumivu makali, upungufu wa damu na hata kiharusi.

Hata hivyo, kila mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tangu tumboni, isiyo na kasoro hiyo. Ndiyo maana dalili ni nadra katika miezi ya kwanza. Haidroksiyurea huuchochea mwili uendelee kuitengeneza.

Marekani iliidhinisha dawa hii kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998. Barani Afrika, madaktari walisita kwa sababu nzito: dawa hupunguza chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Je, haingewaacha watoto hoi mbele ya malaria?

Jibu lilitokana na utafiti wa REACH uliofanywa Kilifi, Mbale (Uganda), Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wenye umri wa mwaka 1 hadi 10 walipewa dawa hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa visa vya malaria vilipungua kwa takriban nusu, na haja ya kuongezewa damu kwa thuluthi mbili. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni, Casgevy, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Nayo huamsha hemoglobini ile ile ya utotoni. Bei yake Marekani, dola milioni 2.2, inaiweka mbali na familia zetu.

Haidroksiyurea ni kidonge cha kila siku. Haiondoi ugonjwa, na anayeitumia sharti apimwe damu mara kwa mara ili kipimo kirekebishwe. Wala haifuti neti na chanjo. Lakini haiwezi kumfaa mtoto ambaye hali yake haijulikani. Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni kuomba mtoto apimwe mapema, kabla ya maumivu ya kwanza.