Kikaza Cheni kwenye Gari la Amfibia: Utangulizi

Hii ni fani ndogo ambayo kazi zake zote zimefichwa chini ya viti. Gari la amfibia la magurudumu sita au manane halina magurudumu ya mbele yanayokata kona. Lina bodi ya plastiki isiyopitisha maji, injini, giaboksi, na matairi manene yenye upepo kidogo sana. Likiingia majini, kashata za matairi hayo ndizo zinazolisukuma, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Magurudumu yote hupewa nguvu, na nguvu hiyo hupita kwenye cheni zilizolazwa ndani ya bodi, za kushoto peke yake na za kulia peke yake. Ikikatika ile inayotoka kwenye giaboksi, upande mzima unakufa, na gari linabaki kuzunguka mahali pamoja.

Chimbuko la mashine hizi ni Amerika ya Kaskazini. Jiger ya Kanada ilitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 kampuni ya Ontario Drive & Gear ikatoa Argo ya kwanza, na kutoka Marekani zikaja Attex ya Ravenna, Ohio, na Max ya Buffalo, New York. Wahandisi wa mashine hizo hawakukubaliana kuhusu giaboksi wala injini, lakini wote waliegemea cheni ya rola, ambayo Hans Renold aliipatia hataza mjini Manchester mwaka 1880. Wakarithi na ugonjwa wake: kadiri inavyotumika ndivyo inavyorefuka.

Wengi hudhani chuma chenyewe kinavutika. Sivyo. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo. Kila kiungo kikipata mwanya mdogo usioonekana kwa macho, viungo themanini vikijumlishwa mwanya unakuwa wa kushikika. Cheni ya nambari 50, moja ya saizi zinazotumika sana kwenye magari haya, ina milimita 15.875 kutoka pini hadi pini. Kwa hiyo viungo 12 vya cheni mpya, ikiwa imenyooshwa vizuri, hupima milimita 190.5. Ukikuta 194.3, imerefuka kwa asilimia 2, ikifika 196.2 ni asilimia 3, na hapo ni ya kutupwa. Rula ya chuma inatosha kwa kipimo hicho, na mtu asiyekifanya hana sababu ya kuzungumza habari za kubadilisha kikaza.

Kwenye bodaboda, fundi hulegeza nati, anavuta gurudumu nyuma, anakaza tena, kazi imeisha. Kwenye gari la amfibia ekseli imefungwa kwenye fremu, imepita kwenye bearingi na sili za kuzuia maji, haisogei. Ulegevu lazima uondolewe kwa kuisukuma cheni yenyewe kutoka pembeni, na hiyo ndiyo kazi ya kikaza. Kinachosukuma kinaweza kuwa kipande cha plastiki ambacho cheni inateleza juu yake, rola, au sproketi ndogo inayozunguka bure. Kinachokishikilia kinaweza kuwa bolti, springi, au racheti inayokwenda mbele bila kurudi. Wauzaji hupenda kuvipanga kwa bei na unene wa chuma. Naona huo ni mpangilio usiomsaidia mnunuzi, kwa sababu swali la kwanza si nguvu ya kikaza bali ni mstari upi wa cheni unalegea, na lini.

Tuanze na gari linalokwenda mbele. Cheni iliyozunguka sproketi mbili ina mstari wa juu na mstari wa chini. Mmoja unavuta, mwingine umelegea. Kwa ekseli iliyo nyuma ya giaboksi, mstari wa juu ndio unaovuta, na ulegevu unakusanyika chini. Kwa ekseli iliyo mbele ya giaboksi mambo yanageuka: wa chini unavuta, wa juu unalegea. Basi anayenakili kikaza cha cheni ya nyuma na kukifunga vilevile kwenye cheni ya mbele anakuwa amekiweka kwenye mstari unaovuta, na atashangaa kwa nini kinaliwa upesi hivyo.

Ugumu zaidi uko kwenye kona. Gari hili hukata kona kwa kushika breki ya upande mmoja, na kwa mashine nyingi breki hiyo iko kwenye giaboksi au karibu nayo, haiko kwenye gurudumu. Upande uliofungwa breki bado unaburutwa na gari zima. Ardhi inayasukuma matairi, matairi yanaivuta cheni, na cheni inakwenda kuzuiliwa na breki. Papo hapo mstari uliokuwa umelegea unakaza kama waya, na ule uliokuwa ukivuta unalegea. Kurudi nyuma huleta hali hiyohiyo. Hakuna mahali pa kudumu pa kukiweka kikaza ambapo hakitakutana na mvuto hata mara moja.

Hesabu ya kazi ya kikaza ni nyepesi. Tuchukue sproketi mbili za meno 25 zilizoachana milimita 500, na cheni ya nambari 50 yenye viungo 88. Ukiusukuma mstari mmoja katikati kwa milimita 30, unameza ulegevu wa milimita 3.6 tu. Sukuma 60, unameza 14. Kusukuma mara mbili kumemeza mara nne. Milimita hizo 14 ni sawa na cheni hiyo kurefuka kwa asilimia 1. Kwa asilimia 2 itabidi kikaza kiingie karibu milimita 85. Kwa hiyo mwishoni mwa safari yake kikaza humeza uchakavu mwingi kwa kusogea kidogo, na dereva anayetazama kikaza bila kuipima cheni anafichwa mambo.

Sasa shika breki. Tuseme ardhi inalisukuma tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 280 kwa nguvu ya nyutoni 1,000. Sproketi ya meno 25 ina nusu kipenyo cha milimita 63, hivyo cheni inabeba mara 4.4 ya nguvu hiyo, yaani nyutoni 4,400. Kikaza kilichoingia milimita 60 kinapokea karibu asilimia 47 ya mvuto huo, zaidi ya nyutoni 2,000, sawa na kubebeshwa uzito wa kilo 210. Kwenye milimita 85 inakuwa asilimia 64. Hakuna springi ya kawaida ya kikaza inayosimama mbele ya mzigo huo. Itarudi nyuma, ulegevu wote utahamia mstari wa pili, na cheni iliyochakaa itaruka jino. Ule mlio wa "ka-ka-ka" unaosikika kwenye kona kali ndio huo.

Ukielewa hapo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Kikaza cha bolti hakirudi nyuma, lakini bamba lake na fremu inayolishikilia lazima vibebe mzigo tuliouhesabu, na mwenye gari lazima akumbuke kukirekebisha. Kikaza cha springi hufuata uchakavu chenyewe, ila kisichowekewa kizuizi cha kukomesha kurudi kwake ni starehe ya barabara iliyonyooka. Racheti inaonekana kumaliza ubishi, na kwa kiasi fulani inamaliza, mpaka siku matope yanapojaa kati ya meno ya sproketi. Matope huinua cheni na kuikaza kupita kiasi, na racheti haijui kulegeza. Zipo pia pete za plastiki zenye meno zinazoelea katikati ya mistari miwili na kuhama na ulegevu. Ni wazo zuri kwa mzigo unaogeuka, lakini zinataka nafasi, na chini ya viti nafasi ni haba. Mimi ningechukua springi yenye kizuizi cha bolti kinachosogezwa, kikiachwa wazi milimita chache tu nyuma ya mkono wa kikaza. Springi ifanye kazi ndogo ya kila siku, bolti ipokee kishindo cha kona.

Kuhusu kile kinachogusa cheni, polietilini ngumu ya aina ya UHMW inapendwa kwa haki: inateleza yenyewe, hainyonyi maji, haipigi kelele. Huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 135, basi isikazwe mpaka ichomeke kwa msuguano. Nailoni huvumilia joto kuliko hiyo lakini hunyonya maji na kuvimba, sifa mbaya kwa kifaa kinachoishi ndani ya bodi inayoingia majini. Plastiki zote mbili zina adui mmoja, mchanga, ambao hujikita kwenye uso wake na kugeuka msasa wa kuila cheni. Sproketi ndogo haina tatizo hilo, nayo angalau meno yake matatu yashikane na cheni, lakini uhai wake ni uhai wa bearingi yake, na bearingi isiyo na sili nzuri haivuki msimu mmoja wa matope.

Kabla ya kununua chochote, zungushia futi ya kupimia kila tairi la upande mmoja. Magurudumu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni, yanazunguka idadi ileile. Tairi la nyuma likizidi la mbele kwa milimita 20 za mzunguko, baada ya mizunguko 100 yanadaiana mita 2. Kwenye matope deni hilo hulipwa kwa kuteleza. Kwenye mwamba au lami tairi halitelezi kirahisi, na cheni inakazana yenyewe kwa yenyewe hata gari likiwa limesimama. Vikaza vingi vimelaumiwa kwa kosa la matairi yenye upepo usiolingana.

Kikaza kikishafungwa, inua gari magurudumu yaning'inie, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono, polepole. Cheni haichakai sawasawa, na sproketi hazikai katikati kikamilifu, kwa hiyo kuna mahali itakaza na mahali italegea. Tafuta pale inapokaza zaidi, na hapo ndipo uweke ulegevu wako: kwa umbali wa milimita 500, mchezo wa milimita 10 katikati ya mstari unatosha. Ukipimia pale ilipolegea, nusu mzunguko baadaye cheni itakuwa inazivuta ekseli mbili zikaribiane, na bearingi ndizo zitakazolipa.