Dawa ya Maji Kambini: Kipimo na Muda Wake

Msimu wa kuchuma ukifika kambi zetu hujaa watu, na visima vya mashambani huchotwa tangu alfajiri mpaka usiku. Wanachama wengi hununua dawa ya maji, wakaipeleka kambini, na hapo huona wajibu wao umekwisha. Sisi twaona kazi ndiyo kwanza inaanza, maana dawa yaweza kutiwa mtungini na mchumaji akaharisha vile vile. Ili kueleza sababu yake tutakwenda kwanza mbali kidogo, mpaka Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela huko Mwanza. Wenzetu wa huko hutegemea maji ya Ziwa Victoria, na ziwa hilo ni mwalimu mkali katika jambo hili.

Klorini ndiyo dawa iliyomo katika chupa na vidonge hivyo. Chembe zake hutembea ovyo majini, na zikikumbana na kijidudu hukishambulia mpaka kife. Kukutana huko ni kwa bahati tu, kama watu sokoni. Tia chembe maradufu katika ndoo ile ile, na makutano ya kila dakika yatakuwa maradufu. Ndiyo maana wataalamu husema ya kwamba kasi ya mmenyuko hufuata ukolezi, neno lenye asili moja na chumvi inayokolea mchuzini.

Mwaka 1908 bibi mmoja wa Kiingereza, Harriette Chick, aliyekuwa katika Taasisi ya Lister mjini London, alihesabu vijidudu vilivyobaki hai ndani ya dawa baada ya kila kitambo. Akaona havifi vyote kwa pamoja. Nusu ikifa katika dakika chache za mwanzo, nusu ya vilivyobaki hufa katika dakika kama hizo tena, na kuendelea. Mwaka ule ule H. E. Watson akaonyesha jinsi ukolezi unavyofungamana na muda. Kwa klorini hesabu ni nyepesi: ukolezi ukipungua nusu, ngoja takriban muda maradufu. Kwa fenoli sivyo, kwani ukiipunguza nusu muda huongezeka makumi ya mara. (Eujenoli iliyomo katika mafuta yetu ya karafuu ni ya ukoo huo wa fenoli, lakini asije mtu akaitia mtungini!)

Sasa turudi Mwanza. Ziwa lina mwani wa kijani, udongo ulioletwa na mito na taka za mji, na vitu hivi navyo hula klorini. Kwa miaka mingi mji umeteka maji Capri Point, ukayasafisha na kuyatia dawa. Lakini klorini huzidi kupungua ndani ya mabomba na matangi, na kutoka Capri Point mpaka Kiseke ni mwendo. Na siku bomba likikauka, mtu akachota ziwani na kutia kipimo cha maji meupe, sehemu kubwa ya dawa itamezwa na uchafu, na vijidudu vitakutana na mabaki tu. Kwa hivyo Shirika la Afya Duniani halitazami kilichotiwa, bali kilichobaki: angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita baada ya dakika 30.

Hatusemi haya kwa kutishana. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilifika Mwanza, na kikavuka bahari mpaka Unguja na Pemba.

Basi kambini mambo huharibika wapi? Mara nyingi ni kwa haraka. Dawa hutiwa, na mwenye kiu akachota papo hapo, kabla ya nusu saa. Mara nyingine ni desturi ya kujazia. Mtungi ukifika nusu hujazwa maji mapya ya kisima bila ya dawa. Ukolezi wa dawa iliyokuwamo umeshuka nusu, na juu yake wameletwa wageni hai. Twaona afadhali mitungi miwili, mmoja ukinywewa na mwingine ukingoja.

Kwa dawa yenye klorini asilimia 1, mililita 4 katika ndoo ya lita 20 hutoa miligramu 2 kwa lita, nazo zatosha maji meupe. Maji yakiwa na tope, kama yawavyo baada ya mvua, yachujwe kwa kitambaa safi na dawa itiwe maradufu. Dawa ya nguvu nyingine ifuate maandishi ya chupa yake. Ila chupa iliyokaa tangu msimu uliopita chini ya bati la moto haina tena asilimia iliyoandikwa. Joto na mwanga vimeila. Iwekwe kivulini, ifungwe barabara, na tarehe ya kununuliwa iandikwe juu yake.