Aliyekuja nyuma yako akaingia kwanza: nesi ameona nini?

Umekaa kwenye benchi la kasualti saa nzima, mkono umevimba. Analetwa mzee anayetembea kwa miguu yake, hata halalamiki, na nesi anamwingiza moja kwa moja. Benchi lote linaguna: "Wanajuana hao!"

Mara nyingi si kujuana. Kwenye dharura hakuna foleni ya aliyetangulia. Wagonjwa huchujwa kwa uzito wa hali. Kipimo kilichoanzia Afrika Kusini mwaka 2004, kwa mfano, huwapanga kwa rangi: nyekundu ahudumiwe papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani aweza kusubiri hadi saa 4. Nesi hutazama pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, kama mtu anatembea, kama akili iko sawa.

Lakini namba hazisemi yote. Yule mzee ana sukari ya miaka mingi, na leo anatoka jasho la baridi. Sukari huharibu mishipa ya fahamu, hivyo moyo waweza kushikwa bila kifua kuuma. Kijana aliyegongwa na bodaboda naye, damu ikivuja tumboni, presha yake hubaki nzuri kwa muda kisha huanguka ghafla. Nesi mzoefu huwa keshaona midomo iliyopauka, kiu na kuhangaika. Na mtoto anayelia kwa nguvu humtia wasiwasi kidogo kuliko aliyelegea kimya mgongoni kwa mamake. Ndiyo maana kipimo hichohicho kinamruhusu mhudumu mwenye uzoefu kumpandisha mgonjwa rangi hata kama namba hazijafika.

Uzoefu una hatari zake pia. Anayenuka pombe huambiwa "amelewa tu," kumbe kichwa kimeumia au sukari imeshuka. Mama anayerudi kila wiki na maumivu yaleyale huzoeleka. Kwa maoni yangu, jicho la nesi litumike kumpandisha mgonjwa, si kumshusha. Kabla ya kumwacha asubiri, apimwe kwanza. Tone la damu kidoleni kupima sukari halichukui hata dakika.

Jicho hilo halipatikani darasani peke yake. Hujengwa kwa miaka, kando ya aliyetangulia. Kumweka mlangoni nesi aliyehitimu juzi, peke yake, usiku wa Jumamosi, ni kumwonea yeye na wagonjwa. Wanaopanga zamu walijue hilo.

Nawe uliye benchini, mpe cha kufanyia kazi: maumivu yalianza saa ngapi, mgonjwa anatumia dawa gani, ana mimba au la. Na hali ikibadilika, akianza kuhema, kusinzia au kutapika damu, usiogope kuitwa msumbufu. Inuka ukamwambie nesi amtazame upya, maana rangi aliyopewa saa moja iliyopita huenda si yake tena.